Kabla ya Kununua Vibonyezo, Chuo Kipite Kibaigwa

Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa hamwulizi muuzaji kama mahindi yake ni mazuri. Huchukua bambo, akalichoma gunia ubavuni, akatoa punje za katikati, akazitazama kiganjani, akazinusa, pengine akatafuna mbili tatu. Muuzaji naye haoni kuwa ametukanwa. Wote wawili wanajua kuwa punje za mdomoni mwa gunia huweza kupangwa, na kwamba hali halisi ya gunia imo tumboni mwake.

Mhadhiri wa chuo kikuu cha tiba kwa kawaida hana bambo. Akisha kusema kwa dakika hamsini juu ya figo au moyo, huuliza, “Tuko pamoja?” na ukumbi mzima huitikia, “Tuko pamoja!” Hizo ni punje za mdomoni mwa gunia. Wanafunzi watatu wa mstari wa mbele wameelewa, kumi wanadhani wameelewa, na waliobaki wamejifunza tangu shule ya msingi kwamba swali la namna hiyo halitaki jibu bali kiitikio. Mhadhiri hufunga kompyuta yake akiwa na amani. Ukweli hudhihirika miezi mitatu baadaye katika mtihani, au, jambo ambalo ni baya zaidi, miaka mitatu baadaye kando ya kitanda cha mgonjwa.

Ndiyo maana hoja ya kununua vifaa vya kupokea majibu ya wasikilizaji haifai kudharauliwa kuwa ni anasa. Vifaa hivyo ni vya aina nyingi, lakini kazi yao ni moja: kila msikilizaji huchagua jibu lake peke yake kwa wakati mmoja na wenzake, na mwalimu huona papo hapo wangapi wamechagua lipi. Tatizo halimo katika nia ya kununua. Limo katika namna uchaguzi wa kifaa unavyofanywa: kamati huketi katika chumba chenye kiyoyozi na intaneti ya kasi, muuzaji huonyesha grafu za rangi zikipanda na kushuka ukutani, na watu kumi na wawili wenye simujanja za bei kubwa hukubaliana kuwa kifaa kinafanya kazi. Bila shaka kinafanya kazi, chumbani mle.

Historia ya vifaa hivi ina onyo ambalo wauzaji hawalitaji. Katika miaka ya 1960 vyuo vikuu vya Stanford na Cornell nchini Marekani vilijenga kumbi zenye vitufe vilivyounganishwa kwa nyaya kwenye viti vya wanafunzi. Wanafunzi walivifurahia. Hata hivyo, watafiti walipokuja kupima kama walijifunza zaidi kuliko wenzao wasio na vitufe, hawakuona tofauti ya maana. Vitufe vilitumika kuuliza na kusahihisha tu: swali, jibu, umekosa, twende mbele. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990, pale Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipoweka jambo lingine katikati. Baada ya wanafunzi kujibu kila mmoja peke yake, huambiwa wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake. Kisha hujibu tena swali lile lile. Ikiwa waliopata mara ya kwanza ni wachache mno, mwalimu hurudia kufundisha. Ikiwa ni karibu wote, husonga mbele. Mjadala wenye faida hutokea pale ambapo waliopata na waliokosa wanakaribiana.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha katika jarida la Science matokeo ya somo la jenetiki yaliyowashangaza wengi. Baada ya kujadiliana, wanafunzi walifanya vizuri hata katika swali jipya lenye mantiki ile ile walilolijibu kila mtu peke yake, wakiwamo waliotoka katika vikundi ambavyo hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na jibu sahihi. Kwa hiyo haikuwa kwamba mjinga alimwigiza mwerevu. Walifikiri pamoja wakafika. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Nathaniel Lasry wa Kanada alikuwa amelinganisha madarasa mawili ya fizikia yaliyofundishwa kwa mtindo wa Mazur, moja likitumia vibonyezo vya elektroniki na lingine likitumia kadi za karatasi zenye herufi. Kiasi cha kujifunza kilikuwa sawa. Vibonyezo vilimpa mwalimu kumbukumbu safi ya majibu. Kadi zilimpa elimu ile ile kwa gharama ya karatasi.

Kamati yoyote ya ununuzi ingepaswa kuanzia hapo.

Sasa vitazamwe vifaa vyenyewe. Kibonyezo halisi ni kitu kidogo mfano wa rimoti, chenye betri, kinachotuma jibu kwenye kipokezi kilichochomekwa katika kompyuta ya mwalimu. Vya zamani vilitumia miali ya infraredi, ambayo hukatika mtu akisimama katikati; vya sasa hutumia mawimbi ya redio. Hapa pana jambo la kiufundi lisiloonekana katika vipeperushi. Marekani imeacha masafa ya kati ya megahezi 902 na 928 yatumiwe na vifaa vidogo bila leseni, na baadhi ya vibonyezo vilivyotengenezwa kwa soko la huko hutumia masafa hayo. Afrika imo katika kanda nyingine ya mgawanyo wa masafa duniani. Huku, sehemu ya 890 hadi 915 ndiyo ambayo simu za mfumo wa GSM wa 900 hutumia kuzungumza na mnara. Kifaa kilichoagizwa bila kuulizwa swali hilo kinaweza kukwama kwenye idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, au kikaingia na kuanza kugombana na simu za watu. Kwa hiyo vikichaguliwa, viwe vya gigahezi 2.4, na idhini ionekane kabla ya malipo, si baada yake. Kisha kuna betri mia tatu za kubadilisha, vibonyezo vinavyosahaulika mifukoni mwa makoti meupe, na mtunza stoo ambaye hakuna aliyemuuliza kama ana kabati.

Njia ya pili ni kutumia simu za wanafunzi wenyewe kupitia programu za intaneti kama Mentimeter ya Sweden, Slido ya Slovakia au Kahoot ya Norway. Chuo hakinunui kifaa. Kinalipia huduma, au hakilipi kitu kama darasa ni dogo. Gharama haijatoweka, imehamia katika mfuko wa mwanafunzi anayenunua bando, na katika mtandao wa ukumbi unaoombwa na simu mia tatu kwa sekunde moja. Kahoot ina kasoro yake ya pekee kwa elimu ya tiba: humpa alama zaidi anayewahi. Mwenye simu nzee au bando lililoisha kasi huonekana hajui, na yule anayefikiri kabla ya kubonyeza huadhibiwa kwa tabia ambayo daktari yeyote angetamani kuwa nayo. Inafaa kuchangamsha Ijumaa mchana. Isifanywe mizani ya uelewa.

Njia ya tatu ni ile ambayo kila Mtanzania anaijua bila kujua jina lake: kupiga nyota, tarakimu kadhaa na alama ya reli, kisha kuchagua moja, mbili au tatu. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, hata bibi asiyesoma gazeti amezoea menyu hiyo. Haihitaji intaneti wala simujanja. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilitumia jamaa yake wa karibu, ujumbe mfupi wa bure kupitia namba 15001, kuwafikia wajawazito kwa simu za aina yoyote. Ugumu wake uko nyuma ya pazia: namba ya huduma huombwa, kila kampuni ya simu huingia mkataba wake, kila kikao kina gharama na huweza kukatika katikati. Tena kila jibu hufika likiwa limefungamana na namba ya simu ya aliyejibu, na namba hiyo imesajiliwa kwa jina lake.

Ya nne ni kadi. Rahisi kuliko zote ni karatasi ngumu zenye rangi nne na herufi nne. Iliyo juu yake kidogo ni ile ya Plickers: kila mtu hupewa kadi yenye mchoro wake wa miraba myeusi, huigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, na mwalimu hupitisha kamera ya simu yake mbele ya umati. Programu husoma michoro na kuhesabu. Herufi zimeandikwa kwa maandishi madogo, hivyo jirani haoni kwa urahisi mwenzake kachagua nini. Simu inayohitaji intaneti ni ya mwalimu peke yake. Idadi ya kadi ina ukomo, hazizidi 63, kwa hiyo haifai ukumbi wa watu mia nne.

Hadi hapo kamati ingeweza kupanga jedwali, ikatoa alama na kutangaza mshindi. Lakini chuo kikuu cha tiba hakifundishi ukumbini tu. Wanafunzi wake hupelekwa wilayani kujifunza afya ya jamii, na wahadhiri wake husimama chini ya miti na katika mabanda ya masoko wakitoa elimu ileile kwa watu ambao hawatafanya mtihani wowote. Hapo ndipo Kibaigwa inapoingia. Mji huu wa Wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, ni mojawapo ya masoko makubwa ya mahindi katika nyanda za kati. Mahindi hufika kutoka vijiji vya Kongwa, Kiteto na kwingineko, na kutoka hapo husambaa hadi Dar es Salaam na nje ya mipaka. Neno lililoeleweka vibaya Kibaigwa husafiri na gunia.

Mwaka 2016, kati ya Mei na Novemba, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu. Uchunguzi uliochapishwa baadaye ulihesabu wagonjwa 68, ambao 20 kati yao walifariki. Ini ndilo lililoshambuliwa. Chanzo kilikuwa chakula cha kila siku, mahindi yaliyoota kuvu wa jamii ya Aspergillus. Tangu hapo semina, mabango na vipindi vya redio vimekuwa vingi. Kinachokosekana ni bambo: nani anajua kilichobaki kichwani mwa msikilizaji baada ya mhamasishaji kupanda gari na kuondoka?

Mikono haiwezi kujibu hilo. Umati ukiulizwa, “Nani anajua kuwa mahindi yenye kuvu ni hatari?” mikono yote hupaa, kwa adabu ya kumstahi mgeni aliyetoka mbali. Ukiulizwa swali gumu zaidi, watu humtazama kwanza mzee aliyekaa mbele, au dalali anayenunua mahindi yao. Mkono wa huyo ukipanda, mingine hufuata. Mwanamke aliyekuja na mtoto mgongoni hatapinga jibu la baba mkwe wake mbele ya soko zima, hata kama yeye ndiye anayepika. Kadi iliyoshikwa kifuani, herufi yake ikiwa haisomeki kwa jirani, humpa nafasi ambayo mkono haumpi.

Lakini kadi haiokoi swali baya. Swali kama “Mahindi yenye kuvu yafanywe nini?” lenye majibu ya kupika, kulisha mifugo, kupikia pombe, au kutupa, litapata “kutupa” kwa wingi wa kura, kwa sababu kila mtu anahisi ndilo jibu la mhubiri. Mwalimu ataondoka na namba nzuri isiyomwambia kitu. Liulizwe hivi badala yake: “Gunia hili halina harufu, punje zake ni nyeupe na safi. Lina sumukuvu au halina?” na majibu yawe matatu: lina, halina, haijulikani kwa macho. Hapo watu watagawanyika, na mgawanyiko huo ndio bidhaa ambayo chuo kilikuja kuitafuta. Sumu yenyewe haionekani wala haina harufu; kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni moja, na hakuna jicho linaloona hivyo. Au: “Ugali wa unga wenye sumukuvu ukipikwa saa nzima, sumu inabaki au inakufa?” Imani kwamba moto huua kila kitu si ujinga. Ni somo la vijidudu, lililofundishwa vizuri na kampeni za kuchemsha maji, likahamishiwa mahali lisipofaa, kwa kuwa sumukuvu si kiumbe hai na joto la sufuria haliiondoi. Mhamasishaji akiona nusu ya soko imechagua “inakufa”, anajua saa ileile kwamba mabango ya kukausha na kuchambua hayatafika popote kabla ya jambo hilo kunyooshwa. Kadhalika “wape ng’ombe”: sumu hubadilika umbo mwilini mwa ng’ombe, ikatoka katika maziwa, ikarudi kwa mtoto.

Kisha watu wageukiane. Sokoni hilo halihitaji maelekezo. Wafanyabiashara wa Kibaigwa wanajua kubishana kuliko darasa lolote la mwaka wa kwanza.

Ustadi huohuo wa kuuliza ndio unaohitajika ukumbini. Mtoto wa kilo 8 anatakiwa kupewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Jibu ni 5. Lakini jibu 24 likiwekwa miongoni mwa machaguo litawanasa waliogawanya 120 kwa 5 wakadhani wamemaliza, na mtoto huyo angepewa karibu mara tano ya dozi. Kifaa hakiliwazi jibu hilo la 24. Mwalimu ndiye anayelitunga, kwa kujua njia ambazo akili hupotea. Kwa sababu hiyo ni ajabu kuona mipango ya ununuzi ikitenga fedha yote kwa vifaa, na siku moja ya “mafunzo ya matumizi” ambayo muuzaji hufundisha pa kubonyeza.

Wilaya ya Kongwa ina kumbukumbu yake katika jambo hili, na ni vema ikatajwa katika wilaya ambayo nje ya nchi hukumbukwa zaidi kwa mradi wa karanga ulioshindwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Utafiti wa trakoma uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet ulifanyika katika vijiji sita vya Kongwa. Vyote vilipata dawa ya macho; vitatu viliongezewa kampeni shirikishi ya kuwanawisha watoto nyuso. Watafiti hawakuhesabu mikutano iliyofanyika wala watu waliohudhuria. Walikwenda kutazama nyuso za watoto, kama ni safi au la, tena na tena kwa miezi.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili heshima. Kumbi za mwaka wa kwanza ni kubwa, kadi hazitoshi, na chuo kinachofundisha madaktari wa karne hii hakiwezi kuonekana kikipeperusha karatasi za rangi. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili ni fahari tu. Hata ukumbini, simu moja kwa wanafunzi watatu hupunguza mzigo wa mtandao na kuwalazimisha watatu hao kukubaliana kabla ya kubonyeza, jambo ambalo ndilo lililotakiwa. Na rangi mia nne zikiinuliwa kwa pamoja, mhadhiri hahitaji asilimia kamili. Anaona kwa jicho kama ukumbi ni wa kijani au umechanganyika. Tahadhari ni kwamba rangi ziambatane na herufi au maumbo, kwa kuwa baadhi ya wanaume hawatofautishi nyekundu na kijani, na sokoni wapo wasiosoma.

Jambo moja zaidi lisipite kimyakimya. Vyuo hupenda vifaa vinavyotambua jina la aliyejibu, ili majibu yageuzwe mahudhurio na alama. Siku majibu yanapoanza kuhesabiwa, wanafunzi huanza kunakiliana, na mwalimu anarudi kwenye punje za mdomoni mwa gunia. Nje ya chuo suala ni zito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Swali la sokoni kuhusu kifua kikuu au uzazi wa mpango likijibiwa kwa njia ya namba ya simu, chuo kimekusanya taarifa nyeti za watu wanaotambulika, hata kama hakikukusudia. Kadi isiyo na jina haina tatizo hilo.

Nyaraka za zabuni zitakapoandikwa, basi, zisianze na idadi ya vibonyezo. Zianze na jaribio: mzabuni yeyote alete kifaa chake katika ukumbi uliojaa, na siku ya pili akilete Kibaigwa msimu wa mavuno, Juni au Julai, kwa watu arobaini wakiwamo wapakiaji, mama lishe, madalali na wakulima waliolala juu ya magunia yao usiku uliopita, jua likiwa kali juu ya kioo cha simu na lori likipiga honi. Maswali matatu ya sumukuvu yaulizwe kwa kifaa hicho, na maswali hayohayo kwa kadi za karatasi. Wahadhiri watakaoyatunga walipwe posho ya siku tatu za kutunga kabla ya safari, kutoka katika fungu hilohilo la vifaa. Muda wa kupata jibu la mtu wa mwisho upimwe kwa saa, na waliokata tamaa njiani wahesabiwe pia.